Kupe Anayeua kwa Wingi Wake: Mhadhara juu ya Musi wa Amerika ya Kaskazini



Nianze na ndama sabini. Majira ya baridi ya mwaka 2021 kuingia 2022, wataalamu wa wanyamapori katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, waliwavisha ndama 70 wa musi kola zenye chombo cha kutuma taarifa kwa setilaiti. Ndama hao walikuwa na umri wa miezi minane hivi, bado wakifuatana na mama zao kwenye theluji. Baridi ilipokwisha na majani kuanza kuchipua, 60 kati yao walikuwa wamekufa. Muuaji mkuu hakuwa mwindaji, wala gari barabarani, wala mnyama mla nyama. Alikuwa kupe.

Musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya ayala. Dume lililokomaa hupita kilo 500, lina pembe bapa zinazoweza kutanuka mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na miguu mirefu inayomwezesha kupita kwenye theluji inayowakwamisha wanyama wengine. Anaishi Canada, Alaska na majimbo ya kaskazini mwa Marekani, na anao ndugu Skandinavia na Urusi. Kwa Wawabanaki, wenyeji wa asili wa Maine na maeneo jirani, nyama na ngozi yake vimekuwa riziki tangu enzi za mababu. Mnyama wa namna hiyo hadhaniwi kuangushwa na mdudu anayetosha kwenye ukucha wa kidole.

Nimemleta mnyama huyu wa mbali mbele yenu kwa sababu utafiti uliofanywa juu yake unagusa jambo ambalo sisi watu wa mifugo tunalichukulia kuwa limekwisha kueleweka. Mfugaji wa Kagera, wa Rungwe au wa Bonde la Ufa akimtaja kupe, moyoni anamaanisha ndigana kali. Kupe wa kahawia wa masikioni humwachia ng'ombe kimelea kiitwacho Theileria parva. Tezi zinavimba, homa inapanda, mapafu yanajaa maji, na ng'ombe wa kisasa asiye na kinga anakufa ndani ya wiki chache. Kupe mmoja mwenye kimelea anaweza kutosha. Ndiyo maana tulijenga majosho, na ndiyo maana watafiti wa Muguga nchini Kenya walitumia miaka mingi kutafuta chanjo. Kwetu kupe ni mchukuzi, na swali la kwanza tunaloliuliza juu yake ni: amebeba nini?

Swali hilo lina heshima yake. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne walichapisha nchini Marekani ushahidi kwamba homa iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa kaskazini mwa nchi hiyo ilisafirishwa na kupe. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba viumbe wa kundi la wadudu na kupe wanaweza kumhamishia mnyama ugonjwa. Tangu hapo kila kupe alitazamwa kwa jicho hilo, na musi naye hakusalimika. Miaka iliyofuata watu wa Minnesota na majimbo jirani walikuwa wakikuta musi wanaozunguka mahali pamoja, shingo imepinda, miguu ya nyuma imelegea, hawamwogopi mtu. Mwaka 1932 wanasayansi walieleza kwamba ni ugonjwa mpya wa bakteria na wakamhusisha kupe. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla Roy Anderson, mtaalamu wa minyoo nchini Canada, hajaonyesha mwaka 1964 kwamba ulemavu ule unaletwa na mnyoo mwembamba. Mnyoo huyo huishi kwenye utando wa ubongo wa ayala wenye mkia mweupe bila kuwadhuru, lakini akiingia kwa musi huharibu mishipa ya fahamu. Kupe alikuwa ameshitakiwa kwa kosa lisilo lake. Kosa alilokuwa akilitenda kila mwaka, mbele ya macho ya watu, lilikuwa rahisi kiasi kwamba halikufikiriwa kuwa linatosha kuua: kunyonya damu.

Kupe huyo kitaalamu anaitwa Dermacentor albipictus, na Wamarekani humwita kupe wa majira ya baridi. Humuuma binadamu kwa nadra sana. Musi hawafi kwa ugonjwa wowote anaouleta. Anaua kwa idadi, na maisha yake yote yamepangwa kwa namna inayoifanya idadi hiyo iwezekane.

Mayai yake huanguliwa mwishoni mwa kiangazi, chini ya majani makavu, pale pale mama alipoangukia. Lava anayetoka ana miguu sita na hawezi kusafiri zaidi ya mita chache. Anachoweza ni kupanda. Kuanzia Septemba anapanda shina la kichaka hadi kimo cha ubavu wa musi, na kule juu lava hukusanyika kwa mamia na kwa maelfu, wameshikana miguu, wakingoja. Pumzi ya mnyama, joto la mwili wake, mtikisiko wa tawi: hivyo ndivyo vinavyowaamsha. Musi akigusa ncha ya tawi, wa kwanza akashika unywele, anawavuta waliomshika na wale nao wanawavuta wengine, na fungu zima linahamia mwilini kwa mara moja. Watafiti hutumia tabia hiyo hiyo kuwapata: huburuta kitambaa cheupe juu ya vichaka, kisha hukaa chini na kuhesabu madoa yanayotembea.

Akishakuwa juu ya mnyama, lava ananyonya, anabadili ngozi na kuwa tunutu. Tunutu halafu anatulia. Kwa wiki nyingi za baridi kali hanyonyi, hasumbui, na musi hana habari kwamba amebebeshwa mzigo. Kuanzia Januari tunutu wanaamka, wananyonya, wanakuwa kupe wakubwa. Na mwezi Machi na Aprili majike wanajaza damu hadi kufikia ukubwa wa zabibu. Wakishiba wanaanguka. Mwezi Juni wanataga maelfu ya mayai na kufa, na mzunguko unaanza upya. Linganisheni na kupe wetu wa ndigana, ambaye humpanda mnyama mara tatu na kushuka mara tatu, kila hatua ya maisha yake kwa mnyama mwingine. Huyu wa musi anapanda mara moja tu katika maisha yake, kama afanyavyo kupe wa bluu anayesumbua ng'ombe wetu. Nawaomba mlishike jambo hilo la mnyama mmoja, maana karibu yote nitakayosema baadaye yanatoka hapo.

Sasa, mtu anajuaje kwamba musi ana kupe elfu arobaini? Napenda kuikawia sehemu hii, kwa sababu sifa ya utafiti huu iko kwenye kazi ya mikono ambayo watu hawaioni.

Kule Alberta, magharibi mwa Canada, William Samuel wa Chuo Kikuu cha Alberta alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwa swali hili, na mwaka 2004 akalitolea kitabu. Njia yake na wanafunzi wake ilikuwa kuchukua ngozi ya musi aliyekufa, kuigawa katika vipande, na kuchemsha vipande vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya potasiamu haidroksaidi. Dawa hiyo kali huyeyusha manyoya na ngozi, lakini ganda la kupe halikubali. Kinachobaki huchujwa, huwekwa chini ya hadubini, na mtu anahesabu, mmoja mmoja, lava, tunutu, dume, jike. Ni kazi ya siku nyingi kwa ngozi moja, na harufu yake haizoeleki. Hesabu hizo zilionyesha kwamba musi wa kawaida wa Alberta alibeba makumi ya maelfu ya kupe, na ngozi ya mmoja ilikutwa na karibu 150,000. Kabla ya hapo watu walisema tu kwamba musi ana kupe wengi. Neno wengi haliwezi kulinganishwa na mwaka uliopita wala na msitu wa jirani.

Upande wa mashariki, Peter Pekins wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, wanafunzi wake, na idara za wanyamapori za New Hampshire, Maine na Vermont waliongeza jambo lililokuwa limekosekana: kuwafuatilia musi wakiwa hai. Mwezi Januari helikopta huruka chini juu ya msitu, mtu akiwa mlangoni na bunduki inayorusha wavu. Ndama akinaswa, hufunikwa macho, hutolewa damu, huhesabiwa kupe kwenye mistari mifupi ya ngozi, huvishwa kola na kuachiwa ndani ya dakika chache. Kola isiposogea kwa saa kadhaa hutuma taarifa. Hapo watu hutoka, usiku au mchana, kwa viatu vipana vya theluji, waufikie mzoga kabla koyote na kunguru hawajauharibu ushahidi. Huupasua pale pale. Huangalia mapafu, ini, tumbo. Huvunja mfupa wa paja kutazama uboho. Kwa mnyama mwenye afya uboho ni mweupe na mnene kwa mafuta. Kwa ndama hawa huwa mwekundu na majimaji, maana yake mwili umekwisha kula akiba yake ya mwisho.

Kati ya mwaka 2014 na 2016, katika New Hampshire na Maine, karibu asilimia 70 ya ndama waliovishwa kola walikufa, na wastani wa kupe kwa ndama ulikuwa zaidi ya 47,000. Huko Vermont, kati ya 2017 na 2019, kupe walikuwa chanzo cha asilimia 91 ya vifo vya ndama wakati wa baridi. Zamani miaka ya namna hiyo ilitokea mara moja moja, ikafuatiwa na miaka ya nafuu. Kilichowashtua watafiti ni kuiona ikifuatana.

Kwa nini ndama? Mama yake naye ana kupe, na mara nyingi anapona. Fikirini hali ya ndama mwezi Aprili. Ana miezi kumi au kumi na moja, hajamaliza kukua, na tangu Novemba hajala ila vijiti na magome yenye protini kidogo. Katika wiki hizo hizo majike ya kupe yanafungua midomo kwa pamoja. Damu inayotoka inaweza kukaribia kiasi chote alichonacho mwilini. Haitoki siku moja, inatoka kwa muda wa wiki kadhaa, na kila siku mwili unajitahidi kuirudisha. Lakini damu hutengenezwa kwa protini, na protini haimo kwenye vijiti. Kwa hiyo mwili unaichukua kwenye misuli. Ndama anakuwa dhaifu, analala, hainuki kutafuta chakula, na siku chache kabla ya majani mabichi kutoka anakufa. Ameshinda baridi yote, amebakiza hatua ndogo tu kufikia chakula. Hilo linaniuma kila ninaposoma taarifa hizi.

Walio hai nao wanaonekana. Musi anayewashwa hujikuna kwenye miti na kujitafuna hadi manyoya yakatike. Unywele wa musi ni wa kahawia nchani na mweupe shinani, na ncha ikikatika mnyama anabaki mweupe mweupe, mabega na shingo vikiwa vitupu. Watu wa kule huwaita musi mizimu. Katika kisiwa cha Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior, ambako musi na mbwamwitu wamekuwa wakichunguzwa tangu mwaka 1958, watafiti hupiga picha kila majira ya kuchipua na kukadiria manyoya yaliyopotea. Picha hizo ni kipimo cha mzigo wa kupe kisichohitaji kumgusa mnyama.

Hapa pana swali ambalo jibu lake lilianzia kwetu Afrika. Ayala wenye mkia mweupe wanaishi katika misitu hiyo hiyo na wanapita kwenye vichaka hivyo hivyo. Mbona hawafi? Samuel na wenzake waliwaweka lava kwa idadi sawa juu ya musi na juu ya aina nyingine za ayala waliofugwa zizini. Mwisho wa baridi musi walikuwa bado wamebeba wengi. Wale wengine walikuwa wamebaki na wachache mno. Tofauti ilikuwa ulimi na meno.

Mtafiti Michael Mooring alikuwa amejifunza habari hizo kwa swala pala. Mnamwona Mikumi, mnamwona Serengeti: swala pala hapumziki kujisafisha. Meno yake ya mbele ya chini yamekaa kama kitana, naye huyapitisha kwenye manyoya mara nyingi kila saa, awe na kupe au asiwe nao. Tena husafishana wao kwa wao, mmoja shingo ya mwenzake, kwa zamu. Nchini Zimbabwe Mooring na wenzake waliwafunga swala pala vifungo vya shingoni vilivyowazuia wasijisafishe upande mmoja. Wale waliozuiwa walikuwa na majike ya kupe karibu mara 20 zaidi. Madume yanayolinda himaya, ambayo hayana nafasi ya kujisafisha kwa sababu ya kufukuzana na wapinzani, yalikuwa na kupe wengi kuliko majike. Hoja iliyotokana na kazi hiyo, ambayo mtafiti Benjamin Hart pia aliitetea, ni kwamba kwa wanyama waliokaa na kupe kwa vizazi vingi mno, kujisafisha kumekuwa ratiba ya mwili. Hawangoji kuwashwa. Wanamwondoa lava kabla hajakua.

Mooring akaenda Canada akaungana na Samuel kumwangalia musi katika hifadhi ya Elk Island. Walichokiona ni kinyume. Musi hujisafisha anapowashwa, na anawashwa pale tunutu na kupe wakubwa wanaponyonya, yaani mwezi Februari, Machi, Aprili. Septemba na Oktoba, wakati lava wangali wadogo na ulimi mmoja ungewaondoa kwa mafungu, anatulia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba musi ni mgeni Amerika. Aliingia kutoka Asia mwishoni mwa enzi ya barafu, kupitia nchi kavu iliyounganisha Siberia na Alaska, wakati ayala wa mkia mweupe walikuwa wenyeji na walikuwa wamezoeana na kupe huyu tangu zamani. Miaka elfu kadhaa haijamtosha musi kuupata utaratibu alionao swala pala. Na hana ndege kama askari wa kifaru wa kumdonoa mgongoni. Kule Elk Island ndege wa jamii ya kunguru huwala kupe wake, lakini hawatoshi kupunguza mzigo wa namna hiyo.

Basi kama udhaifu wa musi ni wa zamani, kwa nini vifo vimeongezeka karne hii? Watafiti wanataja mambo mawili, na ubishi wote uliopo ni juu ya lipi lina uzito zaidi.

La kwanza ni theluji ya mwanzo. Lava aliyeko kwenye tawi ana muda maalumu wa kungoja. Theluji nzito au baridi kali ikishuka Oktoba, anaanguka, anafunikwa, anakufa. Ikichelewa hadi mwisho wa Novemba, kila juma linaloongezeka ni juma la musi kupita na kuokota mafungu mengine. Na Septemba na Oktoba ndio msimu wao wa kupandana, madume yanatembea usiku na mchana. Majira ya majani kupukutika yamekuwa yakirefuka katika majimbo yale kadiri dunia inavyopata joto. Vilevile theluji ya Aprili: jike la kupe likiangukia juu ya barafu lina nafasi ndogo ya kuishi kuliko likiangukia kwenye majani makavu. Ukame wa mwishoni mwa kiangazi nao huwakausha mayai na lava. Kwa hiyo mwaka mmoja wa vifo au wa nafuu huamuliwa na hali ya hewa ya wiki chache, na mtu aliyepima tarehe ya theluji ya kwanza anaweza kukisia hali ya ndama miezi mitano kabla.

La pili ni wingi wa musi wenyewe, na hapa ndipo inapoingia ile habari ya mnyama mmoja niliyowaomba muikumbuke. Lava hasafiri. Anapatikana pale mama yake alipoanguka Aprili. Musi nao hurudi Septemba na Oktoba kwenye vichaka vile vile walikokula Aprili, maana wanapenda miti michanga inayoota baada ya msitu kukatwa. Musi wakiwa wachache na wametawanyika, lava wengi wanangoja bure. Wakiwa wengi, kila kichaka kinapata mbegu na kila mbegu inapata mchukuzi. Huko Vermont wataalamu wamesema kwamba kupe hustawi panapokuwa na zaidi ya musi mmoja kwa kila maili ya mraba, yaani kilometa za mraba 2.6, na kwamba hupungua sana idadi ikishuka chini ya robo tatu ya kiwango hicho.

Wingi huo una historia. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwavi walivamia miti ya jamii ya misonobari ya Maine, makampuni ya mbao yakakata maeneo makubwa kuokoa yalichoweza, na mahali pa misitu mizee pakaota miti michanga, chakula kizuri cha musi. Wawindaji wao wa asili, mbwamwitu, walikuwa wamekwisha kutoweka huko. Musi wakaongezeka. New Hampshire ilikuwa na zaidi ya 7,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo inahesabu nusu yake au pungufu. Watu waliokua wakiwaona musi wengi wanadhani ile ndiyo hali ya kawaida, na wanaulilia upungufu. Mimi naona kwamba ule wingi wenyewe ulikuwa sehemu ya chanzo.

Kuna mahali panapolithibitisha jambo hili kwa upande wake wa pili. Kisiwa cha Newfoundland hakikuwa na musi. Walipelekwa, wakiwemo wachache waliopelekwa mwaka 1904 kutoka New Brunswick, wakazaana. Kupe wa majira ya baridi hawakuenda nao. Leo kisiwa hicho kina musi wengi sana, wamesongamana kuliko Maine, na hakuna ndama anayekufa kwa kupe. Msongamano peke yake hauui, ila panapokuwa na kupe unakuwa mtaji wake.

Mfugaji aliyekaa hapa atauliza: si wawaogeshe? Ni swali halali kabisa. Kupe wa mnyama mmoja ndiye kupe rahisi kuliko wote kumwangamiza kwa josho, kwa sababu maisha yake yote ya kunyonya yako juu ya ng'ombe. Wamarekani wenyewe walifanya hivyo: mwaka 1906 walianza kampeni ya kitaifa ya majosho dhidi ya kupe wa homa ya ng'ombe, kupe wa mnyama mmoja, na kufikia 1943 walitangaza kwamba wamemwondoa nchini, isipokuwa ukanda wa mpaka wa Texas na Mexico. Lakini ng'ombe ana mchungaji. Musi wa Maine, ambao ni makumi ya maelfu, hawana wa kuwaswaga josho, na dawa ya kumwagwa msituni ingeua viumbe wengi wasio na hatia, tena ingeingia kwenye nyama wanayokula watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont wamejaribu kuvu aina ya Metarhizium dhidi ya lava wa kupe huyu, kuvu za jamii ile ile ambazo kituo cha ICIPE cha Nairobi kimezichunguza kwa miaka mingi dhidi ya kupe wa ng'ombe. Maabara inatia moyo. Msitu ni mkubwa.

Kwa hiyo limebaki pendekezo gumu: kupunguza musi ili kuwaokoa. Mwaka 2021 Maine ilianza jaribio la miaka mitano katika eneo moja la kaskazini-magharibi. Eneo liligawanywa: nusu moja iliongezewa vibali vya kuwinda majike, mamia kadhaa, na nusu nyingine ikaachwa na vibali vya kawaida ili pawe na mahali pa kulinganisha. Vermont nayo imetoa vibali zaidi kwa pembe yake ya kaskazini-mashariki. Wapo waliopinga kwa uchungu. Wanasema mnyama anayekufa kwa kupe hapaswi kuongezewa risasi, na kwamba chanzo ni joto la dunia, ambalo bunduki hailigusi. Hoja ya pili ni nzito na siipuuzi. Lakini wale ndama 60 kati ya 70 nao walikufa, tena wengi wao kwa kukauka damu kwa wiki nyingi, na mizoga yao haimlishi mtu. Kati ya kupunguzwa na mwindaji Oktoba na kupunguzwa na kupe Aprili, mimi nachagua la kwanza, kwa sharti kwamba hesabu iendelee na iwe wazi kwa kila mtu.

Na hesabu ninayoiamini zaidi katika jaribio hilo iko kwa majike. Wawindaji huombwa kuleta ovari za jike waliloliua, na watafiti husoma humo kama alikuwa tayari kubeba mimba, na ya ndama wangapi. Jike mwenye afya na chakula cha kutosha hushika mimba akiwa bado mchanga, na akikomaa huzaa mapacha mara kwa mara. Katika New Hampshire na Maine, majike wachanga wamekaribia kuacha kushika mimba na mapacha wamekuwa wachache, ingawa chakula kipo tele. Damu iliyotoka walipokuwa ndama imewarudisha nyuma kwa uzito, na hawaupati tena kwa wakati. Uzito wa majike na idadi ya mapacha vikipanda katika nusu iliyowindwa zaidi, huku kupe wakipungua kwenye ngozi za Oktoba, na nusu nyingine ikabaki ilivyokuwa, basi msongamano ndio ulioshika usukani, na idara za wanyamapori zitakuwa na kazi zinayoweza kuifanya. Pande zote mbili zikipanda na kushuka pamoja kwa kufuata tarehe ya theluji ya kwanza, basi hakuna idadi ya vibali itakayowasaidia musi wa majimbo hayo, na mahali pao pa kuishi patakuwa kaskazini zaidi, kwa muda wote ambao baridi ya huko itaendelea kufika mapema.